Mahari ya Chuma: Tulivyopima Mashine ya Bibi Harusi Wetu

Dada zetu wa Unguja, Pemba na popote mlipo,

Leo tunawaandikia kutoka ng'ambo, Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo ukishapita Kaole na Mbegani. Sisi ni wanawake watano wa mwani. Maji yakijaa na kazi ya shambani ikasimama, tunakutana kwenye ua wa mmoja wetu, ambako tuna mashine ndogo ya kuchomelea chuma, ya ampia 120. Tunatengeneza vitu vya nyumbani: miguu na fremu za chanja za kuanikia mwani usiguse mchanga, rafu za vyombo, grili za madirisha, na zile fremu za kutundikia vitambaa na maua kwenye jukwaa la bibi harusi.

Sasa mwenzetu mmoja anaolewa. Alipoulizwa mahari yake, alijibu bila kusita: anataka mashine ya MIG yenye nguvu kuliko hii tuliyo nayo.

Nyumba ilinyamaza. Kisha shangazi yake akasema, "Mwanangu, watu wanataja kitanda na dhahabu, wewe unataja moto?"

Je, chuma kinafaa kuwa mahari?

Tulimwendea mwalimu wetu wa madrasa, naye akatukumbusha jambo ambalo wengi wetu tumelisikia tangu udogoni. Mtume wetu (s.a.w.) alipokuwa anamwoza sahaba mmoja fukara, alimtaka atafute chochote cha kutoa, hata ikiwa pete ya chuma. Kwa hiyo chuma si kigeni kwenye mlango wa ndoa. Mahari ni kitu chochote cha halali chenye thamani ambacho mwanamke ameridhia, na Sura ya An-Nisaa imeweka wazi kwamba ni haki yake mwenyewe.

Akatutajia pia Mama yetu Zainab bint Jahsh (r.a.), aliyekuwa akifanya kazi kwa mikono yake, akitengeneza ngozi na kushona, na chumo lake akilitoa sadaka. Shangazi akatikisa kichwa, akasema, "Basi kama ni kazi ya mikono, ipimeni vizuri. Msimtwishe kijana wa watu mzigo kwa sababu ya kupenda makubwa."

Neno hilo ndilo lililotuongoza, maana bwana harusi ni mvuvi, na kila ampia inayoongezeka ina bei yake.

Nguvu kiasi gani?

Kwa asiyeijua mashine hii: ile ya vijiti, fundi anashika kijiti kimoja na kukibadilisha kinapokwisha. Ya MIG inatoa waya mwembamba wenyewe kila unapobonyeza bunduki yake, na gesi inatoka pamoja na waya kuufunika moto usiguswe na hewa. Mkono wa mtu anayejifunza hutulia haraka zaidi kwenye MIG.

Bibi harusi wetu alikuwa ameambiwa dukani achukue ya ampia 250, kwamba kubwa ndiyo inayodumu. Sisi tukakaa chini na futi na kalamu.

Kwanza tulipima chuma chetu. Kwa kukadiria, kila milimita moja ya unene inataka kama ampia 40. Skwea paipu ya chanja na rafu ina milimita 1.5, yaani kama ampia 60. Engo ya milimita 3 inataka kama 120, na hapo mashine yetu ya sasa inafika mwisho wake. Kinachotushinda ni bawaba na bamba za geti, za milimita 5. Mashine dhaifu ikichomelea bamba nene, mshono unapendeza kwa juu lakini haukushika ndani. Siku geti likimwangukia mtoto, hakuna atakayeuliza mshono ulipendeza vipi. Kwa hesabu hiyo ampia 200 zinatutosha. Chuma kinene zaidi ya hapo kinasagwa kingo kwa grainda ziwe za mshazari, kisha kinajazwa mara mbili au tatu. Angalia pia mashine inashuka mpaka wapi, kwa sababu isiyoshuka hadi ampia 50 au 60 itatoboa paipu nyembamba.

Pili tulipima umeme wa nyumba. Soketi ya kawaida ni ya ampia 13, ambayo kwa volti 230 ni kama wati 3,000. Ndiyo maana mashine za ampia 120 zinaweza kuchomekwa ukutani. Ya 200 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inavuta karibu wati 5,600, yaani kama ampia 24 kutoka kwenye laini. Ukiichomeka kwenye soketi ya sebuleni kwa ekstensheni nyembamba, unaanika moto ndani ya ukuta. Inataka laini yake peke yake kutoka kwenye breka, waya mnene, na ethi iliyo hai. Kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni. Huku bara leseni hizo hutolewa na EWURA. Nyingi za 250 na kuendelea zinataka umeme wa fezi tatu, na nyumba zetu zina fezi moja. Hapo ile 250 ikatoka kwenye mazungumzo yenyewe.

LUKU nayo ina hesabu yake. Moto ukiwaka kwa jumla ya saa 10 ndani ya mwezi kwa nguvu zote, hizo ni kama yuniti 56. Kundi la matumizi madogo ya nyumbani huku bara mwisho wake ni yuniti 75 kwa mwezi. Ukijumlisha friji na feni, unavuka.

Tatu tuliuliza muda wa kupumzika. Kwenye kibandiko cha mashine kuna asilimia iliyoandikwa pembeni ya ampia. Inahesabiwa kwa vipindi vya dakika 10. Ampia 200 kwa asilimia 20 maana yake uchome dakika 2 na uipumzishe 8. Ampia 200 kwa asilimia 60 maana yake uchome dakika 6. Mashine mbili zinaweza kuandikwa 200 zote, na moja ikawa imechoka kabla chai haijachemka. Usiangalie namba kubwa peke yake.

Nne, upepo. Hili mafundi wa mjini hawalitaji, lakini sisi watu wa pwani hatuwezi kulisahau. Gesi ya MIG ni nyepesi kupeperushwa. Upepo wa kutosha kuinua pindo la buibui unatosha kuiondoa, na mshono ukajaa vitundu kama mkate wa kumimina. Kusi ikivuma, ua wetu haufai kwa gesi. Kwa hiyo tulitafuta mashine inayokubali pia waya wenye dawa ndani yake, ambao haudai mtungi wa gesi. Waya huo kwa kawaida unataka nyaya za chanya na hasi zibadilishwe mahali, kwa hiyo hakikisha mashine ina nafasi ya kufanya hivyo kabla hujalipa.

Mavazi, na ngozi ya bibi harusi

Dada zetu, buibui na mitandio mingi ni ya polista. Cheche ikiidondokea, inayeyuka na kugandana na ngozi. Tukiwa ndani ya ua wetu tunavaa pamba nzito ya mikono mirefu, mtandio wa pamba uliofungwa na kuingizwa ndani ya kola, aproni ya ngozi, glavu na kinyago. Mwanga wa mashine unaunguza kama jua kali: macho yanawasha usiku kama yana mchanga, na shingo iliyoachwa wazi inababuka. Basi bibi harusi aliye kwenye singo na akaja kuchomelea, anaharibu kwa mkono mmoja anachojenga kwa mwingine. Wetu tumempumzisha mpaka harusi ipite. Na paipu iliyopakwa zinki haichomwi kabla ya kusagwa zinki yake na kufungua hewa, kwa sababu moshi wake unaleta homa.

Mashine ni ya nani?

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kwenye ampia zote. Bibi harusi alisema mashine iwe ya kikundi. Sisi wanne tukakataa. Mahari ni yake. Akihamia kwa mumewe, kikundi kikivunjika, au Mwenyezi Mungu akipitisha lolote, asije akasimama mlangoni kuomba kilicho chake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Tukachukua adabu yake: karatasi moja inasema mashine ni mali yake, kikundi kinaikodi kwa kila kazi, na anayeiharibu anaitengeneza. Mashahidi wametia saini, mume mtarajiwa amesoma na kuridhia.

Dada unayesubiri kuolewa, taja mahari kitakachokufaa baada ya mapambo kushushwa. Iwe cherehani, jiko la kuokea mikate au mashine kama hii, ulizia kwanza inataka nini nyumbani kwako, na baadaye ihifadhi kwa jina lako.

Sura ya Saba' inatueleza kwamba Nabii Daudi (a.s.) alilainishiwa chuma, na akaamrishwa atengeneze deraya huku akipima sawasawa uunganishaji wake. Yeye aliyelainishiwa chuma aliambiwa apime. Sisi tunaohitaji ampia 200 kukilainisha, tuna haja kubwa zaidi ya kupima.

Mwombeeni mwenzetu ndoa yenye utulivu, mapenzi na huruma. Mashine imeshachaguliwa, ya 200, na laini yake inavutwa wiki hii in shaa Allah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.