Kidole cha Shahada na Nyuzi Sita

Ajifunzaye gitaa huanza kwa furaha, maana nyuzi zilizoachwa wazi humfanyia nusu ya kazi. Furaha hiyo hufika ukingoni katika mwafaka wa sauti uitwao F meja. Vyuma vilivyokingama shingoni mwa gitaa huigawa shingo hiyo katika vyumba. Katika chumba cha kwanza kidole cha shahada hulazwa juu ya nyuzi zote sita. Kidole cha kati hushika uzi wa tatu katika chumba cha pili. Cha pete hushika uzi wa tano, na cha mwisho uzi wa nne, vyote viwili katika chumba cha tatu. Kunena ni rahisi, kutenda ni kazi. Kwa majuma saba nilibana, nikajibiwa kwa mlio wa debe bovu.

Maumivu ya kidole yalivumilika. Kisichovumilika kilikuwa ni kumsikia dada yangu, mwenye sauti ya juu, akiishusha ili ilingane na miafaka michache niliyoimudu. Mkono uliofungwa humfunga na mwimbaji. Siku hata siku aliimba haba, wala hakunung'unika.

Mpigaji mmoja mzee alinitazama akasema, "Mwanangu, hukamui ndimu." Akanionyesha kwamba kidole cha shahada kina deni la nyuzi tatu tu: wa kwanza, wa pili na wa sita. Nyingine hushikwa na ndugu zake. Kilazwe kwa ubavu, upande wa mfupa, kikaribie chuma, kiwiko kivutwe mbavuni, na dole gumba litulie nyuma ya shingo.

Nyuzi zikalia zote. Ndipo nilipofahamu utajiri wa umbo lile. F husikika mara tatu, C mara mbili, A mara moja tu, nayo imo chini ya kidole cha kati: kikiinuliwa, meja hugeuka maina, na uchangamfu hugeuka huzuni. Umbo zima likisogezwa vyumba viwili, huwa G. Katika chumba cha tano huwa A. Mwafaka mmoja umezaa kumi na miwili.

Wimbo wa dada yangu ulipanda vyumba vitatu, akauimba mpaka mwisho bila kujibana. Nguvu hupatikana kwa wengi. Mahali pa kuiweka ndipo panapotafutwa, na faida yake kubwa huenda ikawa ya mwingine.