Kutu Chini ya Rangi Nzuri

Katika ua wa nyumba ya mama yetu, hapa Lubumbashi, limo gari moja ambalo watoto wa mtaa huliita "kasanduku", kwa kuwa ni fupi, limelala karibu na ardhi, na lina viti viwili tu. Ni MGB la mwaka 1965, gari dogo la mbio lililoundwa mjini Abingdon, Uingereza. Magari ya jina hilo yalitengenezwa zaidi ya 500,000 kati ya mwaka 1962 na 1980. Marehemu baba yetu, aliyekuwa fundi wa malori, alilinunua Kitwe, nchini Zambia, kwa mhandisi wa migodi ya shaba aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Akalipitisha mpakani Kasumbalesa. Sisi tulizaliwa watatu. Tangu siku hiyo tukawa kama wanne.

Watu hutuuliza faida yake. Kwa kweli halibebi gunia la unga wala la makaa. Usukani wake uko kuume, na hapa kwetu twapita upande wa kuume wa barabara. Kwa hiyo dereva anayetaka kulipita lori hana budi kumwomba aliyeketi kushoto achungulie kwanza. Mawe ya barabara za udongo huligonga tumboni. Mvua ikianza, twashindana naye kufunga paa la turubai, na mara nyingi mvua ndiyo ishindayo.

Tena lina tabia zake. Ukizungusha ufunguo, usikimbilie kuwasha injini. Sikiliza kwanza: huko nyuma, karibu na gurudumu la kuume, pampu ndogo ya petroli hugonga tik-tik-tik mpaka kabureta zote mbili zijae, kisha hunyamaza. Isipogonga kabisa, mara nyingi ncha zake za umeme zimegandana, na dawa yake ni kushuka na kuipiga taratibu kwa mpini wa nyundo. Mara ngapi tumelala chini kando ya barabara, tumevaa nguo za Jumapili, tukiibembeleza pampu huku wapita njia wakicheka! Betri zake ni mbili, za volti 6 kila moja, zimefichwa nyuma ya viti, na upande wao chanya ndio unaofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya siku hizi. Siku moja tulizifunga kwa mazoea ya magari mengine, na redio aliyoipenda baba ikaungua papo hapo. Hakutupiga. Alisema tu, "Wanangu, kila chombo kiulizeni kabla ya kukigusa."

Alitufundisha pia kusoma plagi. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa mahali pa chini humwaga petroli kupita kiasi. Plagi zikitoka nyeusi kwa masizi, nati iliyo chini ya kila kabureta yazungushwa kidogo, injini yasikilizwa, yazungushwa tena, mpaka plagi zitoke na rangi ya udongo mkavu. Kazi hiyo haikubali haraka.

Lakini furaha yake! Asubuhi ya mwezi wa Juni, baridi ya kiangazi ikiuma masikio, paa limefunguliwa, twashika barabara ya Likasi. Gari liliundwa kufikia kilomita 160 kwa saa. Sisi hatujawahi kuzitafuta. Kwa kilomita 70 tu, kwa sababu umeketi karibu na lami, waona miti ya pori yakimbia kama umepanda upepo. Walinzi wa vizuizi husahau kutuomba hati, huuliza kwanza gari hili ni la nchi gani.

Baba alipofariki, kitinda mimba wetu alikuwa amekubaliwa katika chuo kikuu, na fedha za masomo hazikuwapo. Tukakubaliana kuliuza gari. Tulipokuwa tukiliosha, tuliona rangi imefura chini ya mlango. Tukachoma kwa bisibisi. Bisibisi ikazama kama katika papai lililoiva.

Yafaa mwelewe jambo hili. Gari lile halina chesi iliyo mbali na bodi. Bodi yenyewe ndiyo hubeba uzito wote. Na kwa kuwa halina paa la chuma, mihimili miwili ipitayo chini ya milango, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, ndiyo uti wake wa mgongo. Ikioza, gari huweza kukunjika katikati. Tulilijua hilo vizuri. Tukaziba matundu kwa mastiki, tukasugua, tukapaka rangi nyekundu. Likang'aa kuliko siku zote.

Akaja kijana aliyekuwa karibu kufunga ndoa. Alikuwa na dola zake ndani ya bahasha, akiba ya miaka kadhaa. Alilizunguka gari, akapapasa rangi, akauliza, "Yaya, gari hili ni zima?"

Mama alikuwa barazani akichambua sombe; hakujua lolote. Tulikuwa watatu, na kila mmoja alingoja mwenzake aseme uongo. Ndipo kitinda mimba, ambaye fedha zile zilikuwa zake, alipochukua bisibisi, akapiga magoti, akatoboa rangi mpya mbele ya macho ya mgeni.

Kijana alitazama lile tundu kwa muda mrefu. "Ningalimpakia mke wangu humu," akasema. Akairudisha bahasha mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Mdogo wetu alipoteza mwaka mzima wa masomo. Hatuwezi kuwaambia kwamba ukweli ule haukutugharimu kitu. Mwaka huo tulifanya vibarua, tukaweka akiba, na jioni tulitengeneza gari kwa mashine ya kuchomelea ya baba. Kwanza tulifunga vyuma kati ya nguzo za milango ili bodi isilegee, tukaliegemeza vizuri, ndipo tukakata kilichooza, upande mmoja baada ya mwingine, mpaka tukafikia chuma kizima. Tulistaajabu jinsi kutu ilivyokwenda mbali kuliko tulivyodhani. Ilituchukua miezi minane. Mwaka uliofuata mdogo wetu aliingia chuoni. Gari likabaki nyumbani, nasi hatukutaka tena kuliuza.

Yule kijana alinunua gari jingine. Tukikutana sokoni hutusalimia, nasi twaweza kumtazama usoni.

Vijana wapendwa, nanyi mtauza na kununua, mtachumbia na kuchumbiwa, mtaomba kazi na kupewa dhamana. Rangi ni rahisi kupaka, na wengi watawasifu kwa ajili yake. Lakini atakuja mtu mwenye bahasha yake mkononi, awaulize kama kilicho chini ni kizima. Msingoje siku hiyo ndipo mtafute bisibisi.