Uso wa Mjukuu Wangu

Likizo ya Juni mwaka jana mjukuu wangu alipanda Vugiri kututembelea, mimi na bibi yake. Wanaoijua Vugiri wanajua ubaridi wake mwezi huo: ukungu hushuka juu ya michai tangu asubuhi, na mtu kujitanda kanga hadi puani si jambo la kushangaza. Kwa hiyo siku ya kwanza sikushangaa. Siku ya tatu jua lilipotoka, naye bado amejitanda, nilimwita.

“Mama, hebu nitazame.”

Akaishusha kanga. Uso ulikuwa mwekundu, umejaa vipele vidogo vidogo tangu paji hadi kidevuni. Alikuwa na umri wa miaka 16, kidato cha tatu. Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: “Babu, huu ni uchafu?”

Ndugu msomaji, swali hilo lilinirudisha mwaka 1984. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, bado kijana mwenye sauti kubwa, niliyetoka chuo cha ualimu na imani kwamba usafi huanzia mstarini. Asubuhi moja, nikikagua kucha na kola, nilisimama mbele ya binti wa darasa la saba mwenye chunusi nyingi, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba uso wa namna ile ni wa mtu asiyeoga. Wavulana walicheka. Yule binti akaenda nyumbani akajisugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia, asubuhi na jioni, kwa juma zima. Mama yake alipokuja ofisini kuniambia kwamba mtoto amechubuka na hataki kutoka nje, nilimpa ushauri wa limau. Naam, limau juu ya kidonda! Mtihani wa mwisho binti yule aliufanya akiwa amejifunga kitambaa usoni, na mimi nilikuwa nikipitapita dirishani.

Nilimjibu mjukuu wangu kwamba si uchafu, kisha nikamwomba aniletee alichokuwa akijipaka. Kilikuwa kikopo kidogo alichouziwa gulioni kwa sifa za wasichana wenzake, hakina orodha ya vilivyomo. Alinieleza kwamba juma la kwanza chunusi zilitoweka na uso ukang’aa, hata walimu wakamsifu. Alipoacha kupaka zilirudi maradufu, na jua likawa linamchoma kama moto.

Tuliteremka Korogwe mjini hospitalini. Daktari alikinusa kile kikopo akatikisa kichwa. Alisema hawezi kuapa bila maabara, lakini mwenendo wa uso ule ni wa stiroidi, dawa za ukoo wa betamethasoni na klobetasoli. Dawa hizo huzima uvimbe upesi, ndiyo maana mtu hudhani amepona, kumbe zikitumiwa usoni kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuzaa chunusi za aina yake. Vikopo vingine vina haidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyokwisha kupigwa marufuku katika vipodozi hapa nchini. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, lakini gulio ni gulio.

Kisha akatufundisha, na nakiri nilitoa daftari. Katika umri wa kubalehe homoni huziamsha tezi za mafuta. Mafuta yakichanganyika na seli zilizokufa huziba kitundu cha unywele. Bakteria huzaliana humo ndani, na mwili hujibu kwa uvimbe. Kusugua hakufiki huko. Dawa aliyoichagua kwanza ni benzoili peroksidi ya asilimia 2.5, kwa sababu yenye nguvu zaidi huongeza kuwasha kuliko inavyoongeza kuponya. Usiku apake adapalini, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, wala si kudondoa kipele kimoja kimoja. Aanze kwa kuruka siku moja, ngozi izoee. Aoshe uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, asiminye, na mafuta ya nywele yasimteremkie pajini. Ajikinge na jua pia, kwani katika ngozi yetu nyeusi kipele kikishapona huacha doa linalokaa miezi mingi, na doa hilo ndilo huwarudisha wasichana kwenye mkorogo.

Nilimwuliza kuhusu vidonge. Akasema viuavijasumu kama doksisaiklini vina mahali pake, pamoja na dawa ya kupaka, kwa muda maalumu. Chunusi za mabonge zinazoacha makovu zina dawa nzito zaidi, isotretinoini, ambayo haipewi kabisa mwenye mimba kwa kuwa humharibu mtoto tumboni. Wagonjwa wa namna hiyo huwapeleka KCMC, Moshi, ambako tangu mwaka 1992 kiko kituo cha kufunza wataalamu wa ngozi wa kanda nzima.

“Na atapona lini?” nikauliza.

“Majuma 8 hadi 12, mzee. Na mwanzoni atazidi kuwa mbaya kidogo.”

Hilo la mwisho ndilo lililotutesa. Juma la tatu binti alilia akataka kikopo chake. Nilikuwa nimekwisha kukitupa chooni. Bibi yake naye alilalamikia foronya zilizopauka mabaka, maana benzoili peroksidi hula rangi ya nguo. Ilipofika Septemba aliniandikia kutoka shuleni kwamba vipele vimebaki vinne, amevihesabu.

Yale ya daftarini niliyanakili kwenye karatasi. Mwezi uliopita, katika gari la kuteremka Korogwe, niliketi karibu na mama mmoja ambaye kwa miaka mingi huniamkia kwa heshima, “Shikamoo mwalimu,” nami huitikia marahaba nikatazama dirishani. Safari hii alikuwa na mjukuu wake wa kiume, chunusi mashavuni. Nilimpa karatasi. Aliisoma yote, akaifunga katika pindo la kanga.

“Kwa hiyo siku hizi si uchafu, mwalimu?”

Nikamwambia haikuwa uchafu hata siku zile.