Hodi ya Usiku

Mwaka 1984, nikiwa RMA mpya, yaani mganga msaidizi wa vijijini aliyesomea miaka mitatu baada ya darasa la saba, nilipangiwa zahanati moja kusini mwa Tabora. Kijiji kizima kiliniita daktari. Sikuwakatalia.

Tulikuwa wawili, mimi na mhudumu. Hodi ikipigwa usiku nilijua ni uzazi au degedege, na sikuwa na wa kumwachia zamu. Nilipiga pampu karabai, nikachemsha mabomba ya sindano ya kioo kwenye jiko la mafuta ya taa, na asubuhi foleni ilinikuta sijanawa uso. Lakini uchovu ule niliumudu: mtoto akishalia, nalala fofofo. Kilichonikosesha raha ni dawa. Sanduku lilikuja kila mwezi, ujazo uleule kwa kila zahanati, iwe na watu wengi au wachache. Ikifika tarehe 20 klorokwini, dawa ya malaria, imekwisha. Mwisho wa mwezi nilikuwa nikimwona mama anakuja na mtoto mgongoni, natamani apotee njia. Ndiyo, niliwahi kutamani hivyo.

Miaka ya 1990 vikaja vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu na takwimu za huduma za afya: namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 12 cha wazazi, na ndugu zao. Nikaanza kwenda navyo nyumbani kuvijaza.

Klorokwini iliachwa 2001, ikaja SP, dawa nyingine ya malaria, halafu dawa ya mseto, kisha kipimo cha haraka cha malaria. Hapo nikadhani nimepumzika. Siku moja bibi mmoja akaleta mjukuu anayechemka. Nikamtoboa kidole, tukasubiri. Mstari mmoja tu.

“Bibi, hana malaria.”

Akakitazama kile kidude, akanitazama mimi. “Mwanangu, miaka yote ulikuwa unashika paji la uso, unatoa dawa. Leo hiki ndicho daktari?”

Ningempa mseto, hesabu ya dozi isingelingana na ya vipimo, nami ningejieleza wilayani. Nikampa panado, nikamwambia amrudishe kesho. Aliondoka bila kuaga.

Usiku ule hakuna aliyenigongea, na sikupata usingizi. Saa nne nikachukua tochi, nikaenda kwake.

“Hodi.”

“Karibu, daktari. Umeleta mseto?”