Safari ya Kwenda na Kurudi

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kosta imeshasimama pembeni ya Northern Bypass hapa kwetu Kyebando, tukimsubiri dereva amalize chai. Mama mmoja akaja na binti yake wa miaka kumi na sita na begi kubwa. Nikamwambia, "Mama, ni matembezi tu, jioni tunarudi." Akaitika, "Ndiyo mwanangu," lakini begi hakulishusha. Mwishowe akanifungulia nione: blanketi, sufuria ndogo, sweta mbili, na bahasha ya nailoni yenye karatasi zote za familia, kuanzia ile ya siku ya kwanza mpakani.

Sikucheka. Nilikuwa nimeshika orodha ya majina ishirini na sita na nyuma yangu kuna basi linawaka injini. Ndugu msomaji, kama uko kambini unajua: orodha na basi vikikutana, maana yake mnahamishwa. Mimi mwenyewe mwaka 2012 nilisomewa jina langu pale Nyakabande, Kisoro, tukiwa tumevuka Bunagana kwa miguu kutoka Rutshuru. Nilipanda basi nikiwa na miaka kumi na mbili, nikashukia Rwamwanja. Hakuna aliyeniambia tunaenda kuona nini. Nikihesabu safari zangu zote za maisha, ni nyingi kuliko za mtalii yeyote, lakini zote zilikuwa za kwenda. Ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, nikalala kwenye godoro lilelile, sikuwa nayo hata moja.

Wazo la matembezi lilitoka kwa dada mmoja wa kujitolea aliyekuja kutufundisha kompyuta. Siku ya mwisho alituonyesha picha zake za Meksiko. Huko rasi ya Yucatán watu wanapanda basi asubuhi, wanatembezwa kwenye maghofu ya mawe ya Wamaya wa zamani, na mchana wanapelekwa kuogelea kwenye mashimo makubwa ya maji, mahali ambapo paa la mwamba limeporomoka na maji ya chini ya ardhi yakabaki wazi. Wanayaita senote. Akasema Wamaya waliyaheshimu sana hayo maji, walitupa humo sadaka zao. Jioni mtalii anarudi hotelini. Vijana wakatazama wee, halafu mmoja akauliza swali lililonikaa kichwani wiki nzima: "Na hapa Kampala, hawa Baganda hawana vya kuonyesha?"

Tukapeleka ombi mahali fulani. Sitaji jina, maana watu wale wametusaidia katika mengine. Fomu ilikuwa na visanduku vya ulinzi, afya, kipato, elimu. Matembezi hayakuwa na kisanduku. Afisa aliniuliza kwa upole kabisa: "Hitaji la msingi hapa ni lipi?" Nikakosa jibu la kujaza pale. Ndugu zangu wa mashirika mnaosoma jarida hili, siwalaumu, fomu hamkuziandika ninyi. Ila tukaamua kuchanga. Kila Jumamosi shilingi elfu moja kwa kila kijana, miezi minne, na pengo likazibwa na akina mama wa bitenge kutoka kwenye kikundi chao cha akiba. Kwa hiyo ile kosta tuliilipa sisi wenyewe.

Niseme jambo la bei, maana litawakuta. Mwaka uliotangulia tulijaribu sehemu nyingine, na langoni tukakuta ubao wa bei tatu: raia wa Uganda, raia wa Afrika Mashariki, na wageni wa nje. Mkimbizi anasimama wapi? Mkata tiketi hakujua, mimi sikujua. Wacongo tukajitetea kwamba nchi yetu imeingia Jumuiya tangu 2022. Warundi wakasema wao wamo tangu 2007, hawana haja ya kujitetea. Msomali wetu akasema Somalia nayo imeshaingia, mwaka 2024. Akabaki Mweritrea mmoja, ambaye nchi yake haimo. Tukamcheka, tukamwita mzungu mpaka tunafika Kyebando, ingawa mwishowe tulichanga ile tofauti yake. Toka siku hiyo kila mahali natangulia mimi kwenda kuuliza kabla ya vijana kufika. Kijana asisimame langoni akiulizwa yeye ni nani mbele ya wenzake. Ameulizwa vya kutosha.

Basi tukaanza na Kasubi. Kutoka Kyebando ni karibu: unashika Bypass, unapita Kalerwe na Bwaise, unashukia Kawaala. Si maghofu ya mawe, na hilo liliwashangaza vijana. Ni nyumba kubwa ya miti, matete na nyasi, paa limeshuka hadi chini kama kofia iliyomzidi mtu. Muzibu Azaala Mpanga, ndilo jina lake. Kabaka Mutesa wa Kwanza aliijenga kasri pale mwaka 1882, akazikwa humo 1884, na baada yake wakazikwa wengine watatu. Wasichana waliovaa suruali ilibidi wafunge kitu kiunoni, na hapo ndipo nilipoona faida ya kuwa na mama muuza bitenge: nilikuwa nimeazima vipande tisa. Vikarudi vyote, jambo ambalo mama yangu hakulitegemea.

Mtembezaji wetu alikuwa mzee mtaratibu. Alizungumza Kiingereza na Kiganda, mimi nikawa natafsiri. Mwanzoni nilitafsiri kwa sauti ya chini. Mnaoishi Kampala mnajua kwa nini: hapa wapo wazee ambao Kiswahili kwao ni sauti ya mwanajeshi wa enzi ile, akipiga mlango usiku. Ukikiongea kwenye taksi kuna shingo zinageuka. Lakini mzee akaniambia, "Sema kwa nguvu, wa nyuma hawasikii."

Akatueleza kwamba paa lina pete hamsini na mbili, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Kwamba kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, si ya mwingine yeyote hata awe fundi vipi. Kwamba Kabaka hafi, bali anaingia msituni, na msitu wenyewe uko mle ndani, nyuma ya pazia la kitambaa cha gome la mti. Vijana walisikiliza kama watu wanavyosikiliza, yaani nusu. Kisha akafika kwenye habari za wale wanne, na makelele yakaisha.

Maana wawili kati ya wanne walifia ugenini. Mwanga wa Pili alipigana na Waingereza, akakimbilia upande wa Wajerumani, akarudi kupigana tena, akakamatwa mwaka 1899. Wakampeleka visiwa vya Shelisheli, akafa huko 1903. Mifupa yake ilirudi 1910. Na mjukuu wake, Edward Mutesa wa Pili, ambaye alikuwa pia rais wa kwanza wa Uganda, alishambuliwa na jeshi kwenye kasri lake Mengo mwezi wa tano 1966. Akaruka ukuta, akatoroka, akapitia Burundi hadi Uingereza. Alifia London 1969. Mwili wake ukaletwa nyumbani 1971.

"Alipitia Burundi?" akauliza kijana wetu mmoja Mrundi.

"Ee, Burundi."

"Basi tulipishana njiani."

Watu wakacheka, na mzee mwenyewe akacheka nilipomtafsiria. Lakini yule Mrundi hakuwa anatania sana. Alirudi kuuliza mara mbili ni miaka mingapi Mwanga alikaa kaburi la ugenini. Saba, nikamhesabia. Akaiandika kwenye simu.

Mzee akamalizia na moto. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba iliungua yote. Mahali palikuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Baada ya moto pakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na pakatolewa huko 2023 tu. Miaka kumi na tatu. Kwa nini mingi hivyo? Kwa sababu haijengwi na mkandarasi peke yake, kila ukoo una kazi yake, na nyasi hukatwa, hukaushwa na kufungwa kwa desturi zake.

Yule binti wa begi, ambaye asubuhi nzima hakufungua mdomo, akasema kwa Kiganda chake kizuri cha shuleni, bila kunipitia mimi: "Na yetu iliungua." Mzee akanyamaza. Halafu akauliza, "Lini?" Akamtajia mwaka. Akauliza ilikuwa ya nini, nyasi au mabati. Nyasi. Nani aliezeka? Babu. Wakaendelea hivyo, maswali ya fundi kwa fundi, sisi wengine tukasogea pembeni tukala mandazi. Sijui walisema nini chote. Wala sikuuliza.

Mchana tukashika barabara ya Jinja. Foleni mpaka Mukono, halafu njia ikafunguka, na pale Kayanja ukakata kona kwenda maporomoko ya Ssezibwa. Si makubwa, mita saba hivi. Kama unatafuta yale maji ya bluu ya kwenye picha za Meksiko hutayapata. Mvua ikinyesha maji ni rangi ya chai ya maziwa. Lakini yanaanguka kwa sauti moja nzito kati ya miamba, na hewa ya pale inakulowesha uso kabla hujafika.

Baganda wanasema mto huu haukuchimbika wala haukutoka kwenye chemchemi kama mingine. Mwanamke aitwaye Nakangu alikuwa safarini na mimba yake. Alipofika pale akazaa, na badala ya watoto yakatoka maji, mapacha, Ssezibwa na Bwanda. Mpaka leo watu wanakuja kuoga kwa ajili ya baraka na kuacha sadaka kwenye mapango, basi vijana niliwaonya mapema: mtu akiwa anaomba, msipige picha, msicheke, msiguse yai la mtu. Mtu kujifungua njiani hakukumshangaza yeyote kati yetu. Kwenye ile kosta walikuwemo wawili waliozaliwa hivyohivyo.

Kuoga kulikuwa na sheria, nilizisema mpaka wakanichoka. Chini ya maporomoko penyewe hapana. Ni pale pembeni alipoonyesha mtembezaji tu, mwisho kiunoni, watano watano, na wawili wanaojua kuogelea wanasimama upande wa mkondo na kamba na tyubu ya gari. Mawe yanateleza vibaya. Asiyetaka asilazimishwe.

Asiyetaka alikuwa mmoja, mvulana wa miaka kumi na tano kutoka Ituri. "Yaya, miye hapana ingia mu mayi," akaniambia kabla sijamuuliza. Mwaka 2018 alivuka Ziwa Albert usiku, mtumbwi umejaa, mpaka Sebagoro. Walipanda wengi kuliko walioshuka. Zaidi ya hapo hajawahi kuniambia, na nimefanya kazi na vijana muda wa kutosha kujua kwamba si lazima aniambie.

Akakaa juu ya jiwe na viatu vyake. Nikakaa naye. Wenzake walikuwa wanapiga kelele kama ndege, yule Mrundi anajifanya anazama, binti wa begi amelowa na kitenge cha mama yangu.

"Yaya, hii mayi inaendaka wapi?"

Hilo nilikuwa nimelisoma, kwa bahati. Nikamwambia mto huu una tabia ya ajabu: Ziwa Viktoria liko jirani tu, lakini wenyewe unalipa mgongo, unakwenda kaskazini mpaka Ziwa Kyoga. Kutoka Kyoga ni Nile, inapita Murchison. Hapo nikasita, maana kutoka Murchison nilijua inakoingia.

"Halafu?"

"Halafu inaingia Ziwa Albert."

Akanyamaza. Nikaona nimeharibu siku. Nikachukua kijiti, nikamchorea kwenye mchanga: ziwa refu hivi, Nile inaingia hapa juu kabisa, kwenye kona ya kaskazini, na inatokea hapohapo karibu, kwenda Sudan Kusini. Tchomia na Sebagoro ziko huku chini, mbali.

"Kwa hiyo haifikake kule."

"Haifiki."

"Na ya kule haiyi huku."

"Haiwezi kupanda."

Akautazama ule mchoro muda mrefu. "Basi ni muzuri," akasema, akaanza kufungua kamba za viatu. Aliingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, akasimama pale dakika tano labda, amenishika bega. Kisha akatoka. Hakuna aliyepiga makofi, nashukuru Mungu, maana nilikuwa nimeshaona wawili wanataka kuanza.

Jioni baridi iliwashika, wakalowa mpaka meno yanagongana, na taulo tulileta nne tu kwa watu ishirini na sita. Hapo begi likafunguliwa. Blanketi likazunguka kosta nzima, kiti kwa kiti, kutoka Mukono mpaka Banda. Zile sweta mbili alivaa mvulana wa Ituri na Mweritrea. Sufuria ilibeba mahindi ya kuchoma tuliyonunua barabarani.

Tulifika Kyebando saa mbili na nusu usiku. Mama alikuwa amesimama palepale tulipomwacha asubuhi, sijui kama alitoka. Nikasoma orodha, majina ishirini na sita, wakaitika ishirini na sita. Mama hakuuliza habari za Kabaka wala maporomoko. Alichukua begi, akaingiza mkono, akatoa bahasha, akainua kwenye taa ya duka la chapati na kuzihesabu karatasi moja moja.

Jumapili asubuhi nilipita kwake. Blanketi lilikuwa kwenye kamba, bado linanuka mto. Nikamwomba msamaha.

"Karatasi hazikulowa," akasema, akanivutia kiti.