Macho ya Wavu

Bibi yangu hajawahi kulazwa hospitali, na hilo ndilo lililomponza. Baba alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 43. Shangazi akafuata kwa saratani ya mji wa mimba, kisha baba mdogo, utumbo tena, miaka 39. Bibi alizika watoto watatu na kila mara akarudi kupalilia mihogo yake. Kijijini kwetu, karibu na Liuli, watu wakaanza kuuliza: huyu mama anakula nini hata hazeeki? Jibu walikuwa nalo tayari. Akahamishiwa kibanda cha pembeni, na sisi wajukuu tukakatazwa kula kwake. Nilikuwa kidato cha pili. Nilitii.

Mwaka juzi kaka yangu, ambaye ananunua kahawa Mbinga, alianza kupata choo chenye damu. Ana miaka 36. Alipofika Dar es Salaam, daktari aliuliza swali ambalo hatukuwahi kuulizwa: nani mwingine ameugua, ugonjwa gani, akiwa na umri gani? Alichora ukoo wetu kwenye karatasi, akatia weusi majina matatu. Kisha akaagiza kipande cha uvimbe kipimwe protini nne. Mbili, MSH2 na MSH6, hazikuonekana.

Nilielewa maelezo yake kwa sababu ya baba. Alikuwa akishona nyavu ufukweni, na kazi yangu ilikuwa kuhesabu macho. Penye fundo la rangi sikupotea. Nilipotea katikati, ambako macho yote yanafanana: ni sitini na moja au sitini na mbili? Baba alipita nyuma yangu kwa kidole, akafumua na kushona upya.

DNA imeandikwa kwa herufi nne, na ndani yake kuna maelfu ya sehemu ambako herufi moja au mbili zinajirudia: AAAAAAAA, CACACACA. Sisi sote tunazo. Seli inaponakili maandishi yake, hapo ndipo inapoteza hesabu. MSH2 na MSH6 hushirikiana kulitambua kosa ili likatwe na kuandikwa upya. Zisipokuwepo, marudio hurefuka na kufupika ovyo. Jeni la TGFBR2, ambalo husaidia kuzuia seli za utumbo zisikue bila mpango, lina A kumi mfululizo. Ikidondoka moja, yote yanayofuata husomwa vibaya, na breki hukatika.

Wanasayansi waliiona hali hii kwenye saratani ya utumbo mwaka 1993. Lakini mwaka 1895, huko Michigan, mshona nguo mmoja alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba atakufa mapema kwa saratani kama ndugu zake. Alikufa kwa saratani ya mji wa mimba. Warthin aliuchunguza ukoo ule na kuuandikia mwaka 1913. Nikamfikiria mama yule, aliyejua kabla ya daktari. Kwetu pia tulijua kwamba kuna kitu kinatembea ndani ya nyumba. Tulikosea jina lake tu.

Marekani iliidhinisha dawa ya kinga mwaka 2017 kwa uvimbe wa aina hii, uwe kiungo chochote. Bei yake hatukuiweza. Kaka alifanyiwa upasuaji, na mpaka leo yupo.

Nilirudi Liuli nikiwa na habari njema, au nilidhani hivyo: bibi hana hatia. Ila daktari alikuwa amenionya. Kasoro hii hurithiwa, na kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuipata. Huenda ilitoka kwa babu, ambaye alizama ziwani kijana kabla ya umri wa kuugua. Huenda ilitoka kwa bibi, kwani wapo wanaoibeba hadi uzeeni bila kuugua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo umekumbuka njia."

Alinipa ugali na usipa. Nilikula, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na minne. Nikamweleza yote, pamoja na lile la mwisho. Alikaa kimya muda mrefu, akitoa miiba ambayo haikuwepo kwenye samaki wale wadogo.

"Kwa hiyo inaweza kuwa mimi."

"Inaweza, bibi. Au babu. Lakini si kosa la mtu."

"Mimi sikujua."

"Hakuna aliyejua."

"Basi waambie hivyo hivyo," alisema. "Usiwaambie ni mzee. Mzee hayupo kujitetea."

Kisha akanitazama. Nina miaka 29.

"Na wewe umepimwa?"

Sikuwa nimepimwa. Nilikuwa nimebeba karatasi ya kipimo cha damu tangu Dar es Salaam, imekunjwa mara nne mfukoni. Anayejua mapema huchunguzwa utumbo kwa kamera kila mwaka au miwili, na vivimbe huondolewa kabla havijawa saratani. Nilikuwa nawaeleza wengine hayo yote vizuri sana.

Bibi alinawa mikono, akanyoosha kiganja. Nikampa karatasi. Hajui kusoma, lakini aliikunjua polepole, akailainisha juu ya goti lake, akanirudishia ikiwa imenyooka.

Jumatatu iliyofuata nilipanda basi.