Staa alitaka tinti nyeusi kwenye ndege ndogo, nikamgomea

Leo stori inanihusu mwenyewe. Wanaonijua pale Darajani wanajua naunda ndege ndogo za plastiki, zile zinazokuja vipande vipande kwenye boksi unaziunga kwa gundi. Wengi wanaziita toi. Sawa tu, toi ndiyo inayonilipia bando.

Juzi kati staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, kaniletea oda ya Cessna Caravan, zile zinazoruka na kutua kila siku uwanja wa Abeid Amani Karume. Kwa kipimo cha 1/72 inatoka kama sm 18 hivi. Dau nono, Idi iko mlangoni. Sharti moja tu: "Bro, vioo vyote piga tinti nyeusi tii, kama gari yangu."

Hapo ngoma ikawa nzito. Caravan ikitua utaona madirisha meusi, ila kioo chenyewe kinaonyesha. Weusi ule ni giza la ndani. Sasa rubani ukimzibia kioo cha mbele, Pemba atafika vipi?

Ndiyo maana sisi tunatia moshi kidogo tu. Unaosha kioo kwa sabuni, unakichovya kwenye vanishi ya akriliki isiyo na rangi uliyotia matone machache ya Tamiya X-19 Smoke, unafyonza tone la pembeni kwa tishu, unafunika na bakuli vumbi lisiingie. Siku nzima usiguse. Kuunga tumia gundi nyeupe ya mbao, maana supagluu inatoa mvuke unaoacha ukungu kwenye kioo.

Angetaka F-16 ya Marekani ningempa hata ya dhahabu, maana za kweli zenye vioo hivyo zipo, ule utando unasaidia kuificha na rada. Nikamtolea mfano vioo vya rangi vya Old Dispensary pale Mizingani: rangi ipo na jua linapita. Kanijibu naringa na njaa yangu, kachukua advansi yake, huyooo.

Bi mkubwa kaninunia wiki nzima, maana hela ile tulishaipangia kodi ya nyumba. Namwelewa. Lakini chini ya bawa naandika jina langu, na anayeijua Caravan akiiona hatamcheka staa, atanicheka mimi.

Ingekuwa wewe, ungepiga tinti? Tiririka hapo chini.